Mwamuzi wa Programu Zisizosomeka

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, saa moja asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, aliyekuwa fundi cherehani. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Ndugu zake walimwita Dada, watoto wa kaka zake walimwita Shangazi, na watu wengine wote, kuanzia mabosi hadi wauza magazeti, walimwita Bibi Nukta, kwa kuwa aliweza kuiona nukta iliyokosekana katika ukurasa mzima wa maandishi akiwa bado amesimama mlangoni.

Alipokuwa na miaka saba alilifumua koti la mteja ili aone bitana imejificha vipi, kisha akalishona upya kwa namna aliyoibuni mwenyewe kabla baba hajarudi kutoka sokoni. Mteja alilivaa kwenye harusi yake na halikuachia hata uzi. Miezi mitatu baadaye, ndoa ikiwa imemnenepesha, alilirudisha lipanuliwe kiuno. Baba alilifungua, akakaa nalo mapajani muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "hili koti limeshonwa na kichaa. Lakini linakaa vizuri. Usimwambie mtu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1968, na mwaka 1973 akajiunga na chuo kikuu kusomea hesabu. Huko ndiko alikokutana na kompyuta, ambayo ilikuwa na ukubwa wa jiko la bweni na tabia za mkuu wa shule: ilipokea maombi kwa kadi zilizotobolewa, na jibu lilitoka kesho yake, mara nyingi likiwa hapana. Wenzake wengi walisalimu amri. Yeye, kwa kuwa kosa moja lilikula siku nzima, alijifunza kuisoma programu kwenye karatasi, kwa penseli, mpaka ajue itafanya nini kabla mashine haijaigusa. Alihitimu mwaka 1976 akiwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa kwanza yupo hapa leo na ameomba jambo hilo litajwe.

Tarehe 1 Julai 1976 aliajiriwa katika mamlaka ya maji ya mji, chumba cha kompyuta, ghorofa ya tatu. Kilikuwa chumba pekee chenye kiyoyozi kilichofanya kazi, kwa hiyo Bibi Nukta alitembelewa sana, hasa miezi ya joto, na watu waliokuja kumjulia hali na kubaki saa mbili.

Mashindano yalianzia humo. Siku moja alipewa programu ya mwenzake aikague. Aliisoma, akavua miwani, akasema, "Kaka, hata mtu akikusudia hawezi kuandika ovyo kiasi hiki."

"Basi kusudia wewe tuone," mwenzake akajibu.

Alikusudia. Na Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba 1986 watu sita walileta kila mmoja programu aliyoiandika makusudi isisomeke na kiumbe yeyote. Kanuni zilikuwa chache na hazikubadilika. Programu iingie kwenye karatasi moja. Ifanye kazi. Mwamuzi, yaani yeye, aisome kwa penseli, aandike kwenye bahasha anachodhani itafanya, ndipo mashine iwashwe. Na mshindani asimame aieleze programu yake mstari kwa mstari, maana asiyeweza kuueleza mkorogo wake, alisema marehemu, si fundi bali mzembe, na wazembe mamlaka ilikuwa nao wa kutosha bila kuwaandalia mashindano. Mshindi, yaani aliyemchelewesha mwamuzi kuliko wote, alipewa feni ya mezani iliyokufa. Watu waliigombea feni ile kwa namna ambayo haikupata kuonekana ilipokuwa hai.

Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Oktoba, walizidi. Alikuja mfamasia, wakaja walimu, akaja daktari wa meno ambaye programu yake ilikuwa na umbo la gego. Mwaka 1988 alikuja pia mpima ardhi mmoja, ambaye karatasi yake ilikataliwa kwa kuzidi mistari miwili. Mpima ardhi aliandika rufaa. Ikakataliwa kwa maandishi. Akaandika ya pili na ya tatu, nazo zikakataliwa, kila moja kwa sababu mpya na kwa mwandiko uliozidi kuwa mzuri. Barua ya nne ilihusu jambo jingine kabisa, na ilikubaliwa siku hiyohiyo. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989 na wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni fundi umeme. Kwa miaka thelathini na tatu na zaidi mume aliendelea kushikilia kwamba ile mistari miwili ilikuwa ni nafasi tupu.

Septemba 1998 alikuja Mkurugenzi Mpya, ambaye aliitwa hivyo mpaka alipostaafu. Alisoma tangazo la mashindano ubaoni, akalibandua kwa mkono wake, na akatoa waraka: ofisi ya umma haiwezi kuandaa mashindano ya kuhimiza uzembe. Ukumbi usitumike, mashine isitumike, karatasi isitumike. Bibi Nukta alipewa barua ya onyo na kuambiwa ya pili itakuwa ya kwaheri. Nyumbani kulikuwa na watoto wadogo wawili, na mumewe alikuwa kambini akipima barabara. Alitii. Kwa miaka mitatu mashindano hayakufanyika. Washindani waliendelea kumletea karatasi nyumbani, naye akazipokea, akawapa chai, akazitia kwenye sanduku chini ya kitanda bila kuzisoma. Dada yake alipomwambia aachane na mambo hayo, alijibu, "Nimeachana nayo. Yenyewe ndiyo hayajaachana na mimi."

Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2000, mabomba ya nusu ya mji yalikauka. Pampu zote zilikuwa nzima. Kilichogoma ni programu iliyoziendesha, iliyoandikwa mwaka 1997 na mhandisi ambaye alikuwa amekwisha kuhamia ng'ambo bila kuacha anwani wala maelezo. Ilikuwa na kurasa arobaini na moja. Wataalamu waliletwa wakaitazama kama watu wanavyotazama ajali barabarani, kisha wakatoa ushauri: haisomeki, iandikwe upya, miezi minane.

Tarehe 2 Januari, saa tatu asubuhi, Mkurugenzi Mpya alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Alikuwa hajaoga.

"Mama," alisema, "nasikia wewe unasoma vitu hivi."

"Nilikuwa nasoma, Mkurugenzi. Kuna waraka."

"Waraka ulihusu mashindano."

"Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoezi yangu."

Mkurugenzi alitazama dirishani. Chini, foleni ya ndoo ilikuwa imezunguka jengo. "Unataka nini?"

"Penseli, hizo kurasa, na ukumbi Jumamosi ya tatu ya Oktoba."

"Unanibana wakati watu wana kiu?"

"Kurasa nazisoma sasa hivi, hata ukininyima ukumbi. Umeniuliza ninachotaka, nimekujibu."

Alizitandaza kurasa zote sakafuni kwenye korido, akavua viatu, akatembea juu yake akisoma. Saa nane mchana alisimama kwenye ukurasa wa ishirini na tisa na kuomba apigiwe simu mfamasia, mshindi wa mwaka 1993. Mfamasia alikuja na koti lake jeupe, akainama, akatazama palipoonyeshwa. Mhandisi alikuwa ametenga, ndani ya kumbukumbu ya mashine, vyumba mia tatu sitini na tano, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Mwaka ule ulikuwa na siku moja zaidi. Siku hiyo ya ziada, kwa kukosa chumba, ilikuwa imeingia kwa jirani, na jirani huyo ndiye aliyetunza idadi ya pampu. Idadi ikafutika. Mashine iliamini kwa dhati kwamba haina pampu hata moja, na kwa imani hiyo ikakaa kimya.

"Huu si ule mchezo wako wa kuingia kwa jirani?" marehemu aliuliza.

Mfamasia alichukia. "Mimi wangu ulikuwa wa makusudi!"

Mistari miwili ilibadilishwa. Saa kumi na dakika ishirini alasiri maji yalirudi, na watu waliokuwa kwenye foleni walishangilia jengo, wasijue wamshangilie nani. Waraka ulifutwa wiki hiyo. Tarehe 20 Oktoba 2001 Mkurugenzi Mpya alifungua mashindano kwa hotuba ndefu kuhusu umuhimu wa mashindano, na sanduku la chini ya kitanda likafunguliwa pia: miaka minne iliamuliwa kwa siku moja, kwa saa kumi na moja mfululizo. Mwaka 2004 Mkurugenzi mwenyewe aliwasilisha programu. Haikuwaka. Alijulishwa kwa barua yenye heshima zote.

Bibi Nukta alistaafu tarehe 14 Machi 2013, ila si kwenye mashindano. Mei 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, na akaanza kuwa na haraka. Alikuwa ametangaza tangu zamani kwamba kiti chake atakirithi yule tu atakayemshinda kihalali, yaani atakayemfanya aandike jibu lisilo sahihi kwenye bahasha. Hakuwahi kukosea hata mara moja. Mumewe alimshauri amteue mtu, au basi akosee kidogo, nani atajua.

"Nitajua mimi," alisema. "Na yeye atakayekaa hapo atakaa juu ya uongo."

Kwa hiyo Oktoba iliyopita alilazwa wodini akiwa na karatasi sitini na nne, na hofu moja: kwamba atazijua zote. Binti yake alimkumbusha kuwa daktari amekataza kazi.

"Hii si kazi, mwanangu, nasoma tu."

"Mama, mimi ni muuguzi."

"Ndiyo. Nishikie taa."

Jumamosi tarehe 21 Oktoba kompyuta iliwekwa kwenye meza ya dawa. Sitini na tatu alizipatia, na kila alipopatia alizidi kununa. Ya mwisho ilikuwa ya karani wa ghala la vipuri, mama wa watoto watatu, aliyeshiriki mara kumi na tisa bila kushinda chochote. Kwenye bahasha marehemu alikuwa ameandika: *Inahesabu siku za mwezi.* Programu iliwashwa. Ilikaa kimya dakika nzima. Kisha ikaandika: *Bado unasoma?*

Alicheka mpaka mashine ya moyo ikalia na wauguzi wakaja mbio. Karani alisimama akaeleza mstari kwa mstari, na palipokuwa na mtego marehemu alipiga kofi kitandani. "Hapo! Hapo ndipo uliponiangusha!" Alikuwa hajafurahi hivyo, mumewe anasema, hata siku ya barua ya nne.

"Mwakani unasoma wewe," alimwambia.

"Nitaweza, mama?"

"Mimi nimeshindwa, na tazama nilivyofika mbali."

Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini, amelala, usingizi aliouanza kwa hiari yake. Ameacha mume, mpima ardhi mstaafu, binti na mtoto wa kiume, wajukuu wanne, dada mmoja na kaka wawili, wakwe, wapwa na watoto wa kaka wasiohesabika kwa penseli, na washindani mia tatu na kumi na wawili, ambao wengi wao wamesimama nyuma kwa kukosa viti.

Familia inatangaza kwamba mashindano ya thelathini na tisa yatafanyika Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024. Mwamuzi amekaa safu ya pili, mwenye gauni la bluu. Karatasi tano ameshazipokea asubuhi hii langoni.

Mungu amlaze mama yetu mahali pa amani. Amepumzika akiwa ameshindwa kihalali.