Vyombo Viwili Kama Jicho Moja

Ndani ya treni, Mama Wietske alifuma soksi, lakini masikio yalikuwa kiti cha mbele, ambako mhandisi Sjoerd alikuwa akimnadia Profesa Hiltje, bingwa wa nyota, darubini yake.

"Profesa, darubini ya chombo kimoja imepitwa na wakati! Tunarusha angani viwili. Kimoja kinaziba jua, kingine kinapiga picha, mita mia na hamsini nyuma yake. Havipotezani hata kwa unene wa ukucha."

"Na vikipotezana, utakwenda wewe kuvisaka?"

"Vinasikilizana! Joost ndiye aliyetunga mfumo. Leo tukifika Groningen atawaonyesha picha zote."

"Yuko wapi?"

"Mabehewa ya nyuma, kule kusikoruhusiwa kuongea. Amelala. Eti namchosha."

Mama Wietske alimwelewa sana Joost.

Walipofika stesheni ya Zwolle kipaza sauti kilitangaza mara tatu kwamba treni inakatwa vipande viwili: mabehewa ya mbele yanakwenda Groningen, ya nyuma Leeuwarden. Sjoerd hakusikia, alikuwa akieleza vyombo vinavyosikilizana.

Treni iliposimama Assen, karibu na Groningen, simu ya Sjoerd ikalia. "Joost? Unakwenda Leeuwarden kutafuta nini?"

Profesa akavua miwani, akaifuta taratibu. "Hebu muulize," akasema, "mmepotezana kwa kucha ngapi?"