Pazia la Kinyozi

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lina wenyewe. Breki, dereva mstaafu, hukaa upande wa mlangoni. Katikati ni pa Utafiti, ambaye hajawahi kutafiti kitu, ila kwake kila jambo limeshathibitishwa. Mwishoni hukaa Kipara, kinyozi mwenyewe asiye na unywele hata mmoja, pale anapokosa mteja, yaani karibu siku nzima. Kahawa huuzwa na mdogo wake Kipara wa kike. Alikuwa nyumbani kwa uzazi, na asubuhi moja alirudi na birika lake na mtoto wake, maana hakuwa na wa kumwachia. Mtoto alipolia, akampakata na kumnyonyesha, mkono mwingine ukimimina kahawa. Benchi zima likamgeukia Kipara. Kipara akajua yamemfika: akimrudisha dada yake nyumbani, watakula nini? Asipomrudisha, hawa wenzake watamsema mpaka ahame.

— Mimi sina neno, alisema Breki. Nawafikiria madereva. Mmoja akigeuza shingo tu, gari liko dukani kwako, nawe umeshika wembe.

— Imethibitishwa, alisema Utafiti. Halafu mtoto anayenyonyeshwa barabarani huwa mzururaji. Maziwa yanaingiwa na upepo wa safari.

— Wewe ulinyonyeshwa wapi, kaka? aliuliza dada kwa upole.

— Ndani. Mlango umefungwa.

— Na hapa umekaa tangu lini?

Utafiti akaomba kikombe kingine.

Breki akaonya kwamba mambo huanza hivi hivi. Kesho watakuja wawili, keshokutwa kina mama wa mji mzima, na wao watatu wataishia kusimama wima, benchi likiwa limejaa. Kipara, ambaye maisha yake yote ametafuta njia ya kutomuudhi mtu, akachukua shuka la kunyolea, akalitundika kwenye kamba kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo, akamweka dada yake nyuma ya shuka pamoja na birika. Sheria ikapitishwa: mtoto akiwa ananyonya, mwanamume havuki pale. Wote wakaisifu. Kisha wakataka kahawa.

Kahawa ilikuwa ng'ambo ya shuka. Wakasubiri. Mtoto akaachia, akacheua, akahamia upande wa pili.

Wapita njia, ambao asubuhi nzima hawakuwa na habari na mtu, sasa wakaanza kusimama. Muuza mitumba aliliona shuka, akavua kofia, akawapa pole kwa msiba. Breki akaipokea, hakujua afanye nini kingine.

Ndipo akaja mteja, ndevu zimemjaa, akaketi kwenye kiti cha kunyolea. Akatazama huku na huku.

— Nyuma ya hilo shuka kuna nini?

Breki akatazama barabara. Utafiti akachungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Kipara akaona haya, na haikuwa haya kwa ajili ya dada yake. Ilikuwa ya kinywa chake mwenyewe, kilichoshindwa kutaja jambo dogo namna ile.

— Mpwa wangu anakula, alisema.

Akalishusha shuka, akamfunga mteja shingoni. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Hakuna gari lililoingia dukani.

Vikombe viwili vikanyooshwa, cha Utafiti kikiwa mbele.

— Imeshapoa, alisema dada.

Wakainywa hivyo hivyo.