Mwendo Haumwagi Kahawa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, kati ya kinyozi na fundi cherehani, na mbele yake Mama Birika anauza kahawa tangu asubuhi. Siku hiyo Mshtuko, dereva wa teksi, alikaa pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Jina hilo alipewa na abiria wake wakati wa kushuka. Jioni alitakiwa kumpeleka dada yake ukumbini na keki ya arusi ya ghorofa tatu, kazi kubwa ya kwanza tangu dada aanze kuoka. Mwezi uliopita walipeleka ya ghorofa mbili, na ile ya juu ikafika imelala kifudifudi kwenye magoti ya dada. Dada hakugomba. Alisema tu, "Kaka, safari hii ukiona huwezi niambie mapema, nitafute gari lingine." Upole huo ndio uliomchoma Mshtuko, na mapema yenyewe ilikuwa ndiyo sasa.

— Mimi nilikwenda pole pole jamani, alisema. Kobe angenipita.

— Hapo ndipo ulipokosea, alisema Sentimita, fundi cherehani, futi yake ikining'inia shingoni. Mwenda pole hajikwai. Lakini hiyo ni kwa mwenye miguu. Keki ina miguu?

— Haina.

— Basi ikimbize!

Kinyozi, ambaye wote humwita Daktari, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Tatizo keki husinzia. Ukiondoka, inashtuka. Kabla hujawasha gari, ipigie honi.

— Nimpigie nani?

— Keki!

— Nyie, alidakia Mama Birika, keki iliponzwa na sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mliisifu njiani, hamkuisifu?

Mshtuko akakumbuka kwamba kweli alisema imependeza. Akajiziba mdomo.

— Dawa ni moja, alisema Sentimita. Nenda kinyumenyume njia nzima. Ikitaka kuanguka, itajikuta inasimama.

Mama Birika alishindwa kuvumilia. Akajaza kikombe mpaka ukingoni.

— Maneno matupu hayavunji mfupa. Shikeni hiki, mzunguke mtaa. Kikirudi kimejaa, na keki itafika.

Sentimita akaingia kiti cha nyuma cha teksi na kikombe hicho, amevaa suruali nyeupe aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe. Mshtuko akaliondoa gari, likaruka. Hawakuwa wameupita hata mlango wa kinyozi, nusu ya kahawa ilikuwa mapajani mwa fundi.

— Lakini tulikuwa hatujafika popote! alilia Sentimita. Mwendo wenyewe wa kobe!

Zamu ya pili alishika Daktari. Mshtuko akakanyaga mafuta kidogo kidogo, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto mchanga. Wakaingia kwenye barabara iliyonyooka, mshale wa mwendo ukapanda, miti ikaanza kurudi nyuma kwa kasi.

— Imetulia! Daktari alipiga kelele. Tunakimbia hivi na kahawa imetulia!

Mbuzi akakatiza. Mshtuko akafunga breki, na kahawa yote ikaruka mbele hadi kisogoni kwake. Ilikuwa ya moto, lakini alicheka.

— Kumbe si mwendo! aliwaambia waliporudi. Mwendo wala hauigusi. Kahawa haipendi mwendo ubadilike ghafla, uwe unaongezeka au unapungua.

— Mchapuko, alisema Daktari. Walitufundisha shuleni. Siku hiyo nililala.

Zamu ya tatu waliingia wote wawili nyuma. Kuondoka kulikuwa kwa raha, barabara nzima hakikumwagika kitu. Kwenye mzunguko wa barabara Mshtuko aliukazia macho mshale, usipande wala usishuke. Na kahawa ikamwagika ubavuni mwa Sentimita.

— Mshale haukusogea! aliapa Mshtuko. Mama yangu vile, haukusogea!

Akaegesha, akauzungusha usukani kidogo kushoto, kisha kulia. Dada yake alikuwa akipamba ghorofa ya tatu saa ile. Kisha akageuka.

— Mshale unajua tunakimbia kiasi gani. Haujui tunaelekea wapi. Kahawa ilikuwa inakwenda zake moja kwa moja, sisi ndio tuliokunja. Kubadili upande nako ni kubadili mwendo!

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Sentimita akijikamua shati. Basi punguza kabla ya kona, halafu uikunje taratibu.

Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, methali yake ilisaidia.

Mama Birika akaliinamisha birika mpaka tone la mwisho. Kikombe hicho kilizunguka mtaa, kikapita mzungukoni, kikarudi kimejaa. Akakinywa mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Dada akaja na boksi lake, akaketi nyuma, mkono juu ya boksi. Teksi iliondoka taratibu hata kuku aliyelala uvunguni akachelewa kujua. Kijiwe kikakaa bila kahawa, kikihesabu kona.

Jua lilikuwa limeinama teksi iliporudi. Dada akashuka, akaketi kwenye benchi lile kwa mara ya kwanza maishani mwake.

— Imefika? waliuliza wote.

— Imefika imesimama! Bibi arusi alipiga vigelegele mpaka nikadhani imeanguka.

Sentimita akacheza na suruali yake ya madoa. Dada akangoja wanyamaze.

— Ila niwaulize wenye elimu. Kwenye ile barabara iliyonyooka nilisinzia. Nilipozinduka, kabla sijafumbua macho, nikajiuliza: tumesimama, au tunakwenda? Sikujua. Mtu atajuaje?

Sentimita akaanza kulipima benchi kwa futi yake. Daktari alichungulia kikombe chake, kitupu.

— Hilo, alisema Mama Birika, ni swali la birika lililojaa.

Mshtuko hakulisikia hata swali. Alikuwa amekwama kwenye neno la nyuma.

— Umesema ulisinzia?

— Nilisinzia, kaka.

— Kwenye gari langu?

— Kwenye gari lako.

Akamwomba arudie tena, kwa sauti, Daktari asikie vizuri. Dada akarudia.