Mikono ya Muuguzi Pyo

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba chetu cha upasuaji hapa Daegu, Muuguzi Pyo Geum-ok anastaafu tarehe 30 Juni 2023. Amekataa keki, amekataa na maua. Makala haya hajayakataa kwa sababu hajui kwamba naandika.

Sifa zake zilianza 2009, tulipoanza kuwatibu wanawake ambao saratani ya ovari imeshasambaa tumboni mwao. Daktari huondoa kila uvimbe anaouona, kazi ya saa nane hata kumi, kisha tumbo hufungwa na kuzungushiwa ndani yake dawa iliyopashwa hadi nyuzi arobaini na mbili. Kwa dakika tisini mtu hulitikisa kwa mikono ili dawa ifike kila pembe. Mtu huyo alikuwa Pyo. Wanagenzi walimwogopa. "Wewe, unakanda kabichi ya kimchi au unamtibu mtu?" aliwafokea, na madaktari bingwa nao wakatazama chini.

Wengi wa wagonjwa hao walikufa, tusidanganyane. Ukumbi wa maombolezo uko chini ya jengo hili hili, na Pyo alishuka kwa kila mmoja, akainama mara mbili mbele ya picha ya marehemu, akala mchuzi na wafiwa. Mwaka 2014 binti wa marehemu mmoja, Tak Mi-hyang, alimfukuza mbele ya watu: "Toka! Mikono hiyo ndiyo iliyommaliza mama!" Pyo akatoka. Kesho yake akarudi, akafukuzwa tena. Siku ya tatu, ya mazishi, Mi-hyang alimsogezea bakuli la mchuzi.

Mwezi huu Mi-hyang amelazwa kwetu, kwa ugonjwa ule ule wa mama yake. Alikubali upasuaji kwa sharti moja, tumbo lake alitikise Pyo. Tarehe 20 Pyo alisimama kando ya meza tangu asubuhi. Lakini uvimbe ulikuwa umeenea utumbo mzima, haukuondoleka, na dawa ya moto haifui dafu panapobaki mwingi. Daktari akafunga tumbo.

Kaka yake Mi-hyang alituomba tumfiche dada yake ukweli, kama familia nyingi za kwetu zinavyoomba. Tulikubali, mimi nikiwemo, na naona aibu. Mi-hyang alipozinduka alimuuliza Pyo, "Mama mdogo, ulinitikisa?"

"Hapana, mwanangu. Hatukufika huko."

Alilia mpaka jioni. Kisha akasema, "Basi nirudisheni nyumbani, siku zangu nisizimalizie hapa." Kaka yake hazungumzi na Pyo mpaka leo.

Kuanzia tarehe mosi Julai Pyo atakuwa kwa Mi-hyang kila siku, kumwosha na kumlisha uji. Ameomba mwenyewe.

Dada Pyo, asante kwa mikono yako, na zaidi kwa ulimi wako. Tunawatakia maisha mema ninyi wawili, hata yakiwa mafupi.