Mkanda Usiotosha Mkono wa Mama Hildegardi

Risala ya Kikundi cha Wenye Presha cha Lumeko, mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa Mgeni rasmi, Dokta Ignatio Hyera, Mkurugenzi wa Mradi wa Tunza Mapigo, siku ya kuzindua mashine mpya kumi na mbili katika zahanati ya kijiji. Inasomwa na Placidi Ngonyani, katibu wa kikundi.

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, Baba Paroko na Mchungaji mliokubali kukaa benchi moja, nesi wetu Eunice, wanakikundi na wananchi: wakubwa wote shikamooni, na wengine hamjambo.

KARIBU LUMEKO

Mgeni rasmi, njia ya kushuka huku kutoka Mbinga tunaijua, na gari lako tumeliona lilivyobadilika rangi kwa tope. Pole sana. Tumekuandalia samaki mbasa wa kuchoma. Hatukumtia chumvi, kwa kuwa wageni wetu wa afya kitu cha kwanza wanachotuuliza ni chumvi. Ipo kwenye kisahani, ukiihitaji hatutaangalia.

Wewe mwenyewe unafika kwa mara ya kwanza, lakini mradi wako tunaukaribisha kwa mara ya tatu. Mara zote mbili palikatwa utepe, zikapigwa picha, ikasomwa risala. Mara ya pili risala ilikuwa na ombi moja la mistari minne. Iliwekwa kwenye bahasha, bahasha ikapanda gari, na hatukusikia habari zake tena. Ya leo tumeirefusha kwa makusudi, ili isienee kwenye bahasha. Tunaomba utuvumilie.

TULIKOTOKA

Zamani mtu wa Lumeko akitaka kujua presha yake alipanda hadi Mbinga, akalala kwa ndugu, akarudi kesho yake na namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Wengi hawakwenda. Walijua wana presha siku walipoanguka.

Mwaka 2022 mradi ukaleta mashine sita. Kila moja ina kioo, ina kibanio cha kidole kinachoonyesha mapigo ya moyo na oksijeni, na ina mkanda wa kufunga mkononi unaojaa upepo wenyewe. Namba zikishapatikana zinakwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya mradi mjini. Huko zinapewa rangi: kijani ni salama, njano ni angalia, nyekundu ni hatari. Kila Jumatatu simu ya mgonjwa inapokea ujumbe kulingana na rangi yake. Hapo ndipo kikundi chetu kilipozaliwa, tukiwa tisa. Leo tuko sitini na wanne.

MAZURI TULIYOYAONA

Mzee Bartholomayo, yule pale mwenye kofia ya sufu, alikuja zahanati kwa ajili ya goti. Akapimwa kwa kuwa mashine ilikuwa mpya na watu walitaka kuiona ikifanya kazi. Ikaandika mia mbili kumi na nane. Hajamaliza kuvaa shati, ofisi ya mjini ikapiga simu, na siku hiyo hiyo alikuwa hospitali. Yuko hai, na anaendelea kubishana na kila mtu kijijini.

Tunalisema hili mapema, Mgeni rasmi, ili asitokee mtu wa kusema watu wa Lumeko hawana shukrani. Lakini uutazame na mkono wa Mzee Bartholomayo. Ni mwembamba kama mpini wa kasia. Mashine yenu inaupenda.

CHANGAMOTO

Risala nyingi huorodhesha changamoto. Sisi tunayo moja, na ina jina. Inaitwa Hildegardi Mapunda.

Mama Hildegardi amekausha na kuuza usipa, dagaa wa ziwa letu, tangu akiwa msichana. Mzigo wake ulifika Mpepai, ukafika Mkumbi kwa wakulima wa kahawa, akarudi na mahindi na maharage. Makapu hayo alijitwisha mwenyewe, na muhogo wa nyumba nzima alitwanga mwenyewe. Kwa hiyo Mungu na kazi vikampa mkono, na mkono wenyewe hapa kijijini tunaufahamu. Mshonaji wetu Violet akimkatia blauzi, mikono huikata mwisho, baada ya kuona kitambaa kimebaki kiasi gani.

Alipopimwa mara ya kwanza, mkanda ulizunguka mkono ukaishia njiani. Ile sehemu ya kunatia ilishika kidogo tu, kama vidole viwili. Upepo ulipoingia, mkanda ukafyatuka. Mhudumu wa wakati ule, Hamphrey, ambaye sasa amehamishwa, akaufunga tena na kuukandamiza kwa kiganja chake mpaka mashine ikamaliza. Ikaandika mia moja sitini na nane. Nyekundu. Akaanzishiwa dawa.

Hildegardi si mtu wa kupuuza dawa. Alinunua kopo lenye kifuniko, akaziweka humo, akawa anameza asubuhi kabla hajagusa kitu. Mwezi uliofuata, Hamphrey akakandamiza mkanda, namba ikashuka kidogo, rangi ikabaki ile ile. Wakamwongezea. Mwezi wa tatu, hivyo hivyo. Jumatatu zikaanza kumtisha. Simu ililia wakati anageuza usipa juani, naye alijua kabla ya kusoma: Ndugu mteja, presha yako iko juu. Zingatia dawa. Punguza chumvi. Punguza uzito.

Akapunguza chumvi mpaka watoto wakakimbilia kula kwa shangazi yao. Akaacha kwenda Mkumbi, maana aliambiwa safari inapandisha presha, na wateja aliowazoea miaka ishirini wakachukuliwa na wengine. Akaacha hata kwaya ya WAWATA, kina mama wenzake wa parokia, kwa sababu aliogopa kuanguka katikati ya wimbo. Rangi haikubadilika. Likaja ongezeko la tatu la dawa.

Hapa, Mgeni rasmi, tunafika mahali ambapo sisi tunaosoma risala hii hatuna uso wa kutazamia watu. Ofisi ya mradi ilituma orodha yenye kichwa cha maneno Wateja Sugu, ikatutaka tuwaelimishe. Jina lake lilikuwa la kwanza. Tukamwita kwenye mkutano wa kikundi, tukamsimamisha mbele, na mmoja wetu akamwuliza kwa nini anadanganya kwamba anameza dawa.

Hildegardi hakugombana. Alifungua kanga aliyofungia kopo lake, akamimina vidonge mezani, akavihesabu mbele yetu kimoja kimoja. Vilikuwa vile vile vilivyotakiwa kubaki. Kisha akasema, "Sasa nihesabieni ninyi," akaketi. Hakuna aliyehesabu. Tulifunga mkutano kwa sala, tukaenda nyumbani, na mwezi uliofuata tukaandika kwenye taarifa kwamba mteja ameelimishwa.

Mwenyewe alikuwa ameanza kujisikia vibaya kwa namna asiyoweza kuieleza. Akiinuka, dunia ilikuwa inakwenda kando. Alidhani ndiyo presha yenyewe inammaliza, kwa hiyo hakuruka kidonge hata kimoja. Fikiria hilo, Mgeni rasmi. Kadiri alivyozidi kuumwa, ndivyo alivyozidi kututii.

Mwaka juzi mwezi wa tisa, mchana wa jua kali, aliinama kwenye chanja kuokota usipa ulioanguka, akainuka, akaenda chini. Alivunjika mkono wa kushoto karibu na kiwiko, na paji la uso likapasuka kwenye jiwe. Walimleta zahanati kwa machela ya magunia.

Eunice alikuwa na wiki mbili tu hapa, amehamia kutoka milimani. Alimfunga mkanda kwenye mkono wa kulia, ukafyatuka. Binti yake Hildegardi, Beata, akamweleza kuwa huwa unakandamizwa kwa kiganja. Eunice akamtazama kama mtu aliyesikia matusi.

"Mkanda wa kushikiliwa kwa mkono haupimi kitu," akasema.

Hata hivyo akaukandamiza, ili aone. Mia moja arobaini na sita, nyekundu. Kisha akaenda stoo, akarudi na mashine ya zamani, ile ya kusikiliza kwa masikio, iliyokuwa imewekewa boksi za glavu juu yake. Ilikuwa na mkanda mpana. Akaufunga ukazunguka ukatosha, akasikiliza, akarudia, akaandika kwenye kiganja chake: mia moja na nane.

Mwanamke tuliyemwita sugu hakuwa na presha ya kupanda siku ile. Alikuwa na dawa nyingi kuliko mwili wake ulivyohitaji, na zilikuwa zikimwangusha. Eunice alipomweleza, taratibu, kwamba mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono namba huwa inatoka kubwa, Hildegardi aliutazama mkono wake wa kulia. Halafu akauliza jambo moja tu. "Mwanangu, kwa hiyo nilikuwa nasema kweli?"

Eunice akamjibu kwamba alikuwa anasema kweli.

Akalia hapo, si wakati wa kuvunjika mkono.

Leo anameza kidonge kimoja, kile cha mwanzo, kwani presha kidogo anayo. Hatuwezi kusema alikuwa mzima kabisa. Mkono wa kushoto uliunga lakini haunyooki, na kapu hajitwishi tena. Kwaya amerudi.

Ungedhani habari imekwisha, Mgeni rasmi, na sisi tulidhani hivyo. Eunice akapiga simu ofisi ya mradi kuomba mikanda mipana. Akaambiwa aandike barua. Akaandika. Akaambiwa mfumo hauna mahali pa kujaza unene wa mkono. Akaandika ya pili, akaambatisha picha. Wakaja vijana wawili wenye fulana, wakatufundisha siku nzima jinsi ya kusoma ujumbe wa simu. Walikuwa waungwana, na mkanda hawakuwa nao. Barua ya tatu ilijibiwa kwamba kituo chetu kimefanya vizuri na kitaongezewa mashine.

Namba za mashine ya zamani mfumo hauzipokei. Kwa hiyo kule mjini Mama Hildegardi bado ni mwekundu tangu mwezi ule wa tisa, bado ni wa kwanza kwenye orodha, na ujumbe bado unakuja. Jumatatu hii ulikuja. Punguza chumvi.

Alhamisi tuliruhusiwa kufungua maboksi ya mashine mpya. Kioo ni kikubwa, rangi zinapendeza, na inatoa sauti ya mwanamke ikisema Kiswahili safi. Violet alikuja na futi yake ya cherehani, akapima mikanda yote kumi na miwili. Ni ile ile, Dokta. Hata uzi wa pembeni ni ule ule.

Katika kikundi chetu wanachama kumi na tisa mkanda huo hauwatoshi. Wengi ni kina mama. Eunice amewapima wote upya kwa ile mashine moja ya zamani, na saba kati yao wamepunguziwa dawa. Mpira wa mashine hiyo umepasuka mara mbili, umezibwa kwa kiraka cha baiskeli. Tunakueleza ili ujue ni kitu gani kinachowalinda watu kumi na tisa wa Lumeko leo.

TUNACHOOMBA

Tunaomba mikanda mipana. Sita inatosha. Hatuombi mashine, mashine tunazo nyingi kuliko meza.

Tunaomba mfumo upate mahali ambapo nesi ataandika kwamba namba hii si ya kuaminiwa, na mtu mwenye akili aisome.

Tunaomba jina la Hildegardi Mapunda lifutwe kwenye ile orodha, na neno sugu lifutwe pamoja nalo. Sisi tulimwomba radhi Jumapili mbili zilizopita mbele ya watu wale wale walioshuhudia tulipomsimamisha. Ofisi yako haijamwomba. Ameketi safu ya pili, kando ya Beata. Kwenye ratiba mliyotutumia imeandikwa kwamba atapimwa kwa mashine mpya mbele ya wapiga picha. Amesema tukuambie kwamba amekuja kukusikiliza, ila mkono wake hautoi.

Nafasi hiyo kwenye ratiba isipotee. Mgeni rasmi, kwa heshima zote, wewe nawe si mtu mwembamba. Shati lako tumelitazama tangu uliposhuka kwenye gari. Tunakuomba ukunje mkono wa shati, ukae kwenye kiti hiki, nesi Eunice akupime mara mbili: kwanza kwa mashine unayoizindua, kisha kwa ile yenye kiraka. Namba zote mbili Beata ataziandika ubaoni kwa chaki, tuzione sote.

Zikitofautiana, usishtuke, na tafadhali usianze dawa. Kaa kidogo na sisi, ule mbasa, kisha utuambie wewe ungetaka ofisi yako iamini ipi.

Mungu aulinde moyo wako upige vizuri njia nzima ya kurudi, aibariki mikono ya kila unene iliyokuja hapa leo, na ampe nesi wetu masikio mazima mpaka mikanda ifike.

Ni sisi, wanachama sitini na wanne wa Kikundi cha Wenye Presha, Lumeko. Karibu kiti, Dokta.