Mlango wa Magodoro

Niinueni kidogo. Hapana, si hivyo, nirudisheni ubavuni, hewa haishuki. Kambale, weka simu chini, na wewe Kaswera acha kunipepea. Kaeni wote wawili mahali ninapowaona, wanangu, mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo limeninyima usingizi miaka kumi na nane, na nikilinyamazia leo nitaondoka nalo.

Mali nitaisema haraka. Duka la sokoni ni la Kambale, cherehani zote mbili ni za Kaswera. Nyumba hii ya Kabondo si yenu. Usinikatize, Kambale! Nitawaambia ni ya nani, lakini kwanza mjue moto unavyoishi ndani ya nyumba, kwa sababu mimi nilijifunza kwa kumpoteza kaka yenu Mumbere.

Kwetu Wanande jina la mtoto linahesabu: wa kwanza wa kiume Mumbere, wa pili Kambale. Kila ukiitwa wewe, anatajwa pia aliyekutangulia. Mimi nakuita kila siku, na kila siku nalisikia jina lake.

Mnajua nilivyowasimulia. Kwamba moto ulishika saa nane mchana, wewe Kambale ukiwa na miaka minne, Kaswera akiwa bado ananyonya, na Ursule mke wangu akawabeba ninyi wawili akatoka nje, akamfungia Mumbere ndani na malaria yake, akaiokoa roho yake. Ndivyo nilivyosema matangani mbele ya familia yote, na familia ikamfukuza siku ileile, akapanda lori la Bafwasende kurudi kwa baba yake, hana kitu ila nguo alizovaa. Bon. Ni uongo. Nimewalea kwa uongo.

Magodoro ya duka nilikuwa nayaweka sebuleni, ya sponji, yamepangwa mpaka karibu na plafo, pale darini, kwa sababu tangu watu wa silaha walipotupora wakati wa vita sikuamini ghala lolote la sokoni. Na kila dirisha nilimwambia Nassoro, yule fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara, alifunge vyuma. Alinishauri aache dirisha moja lenye bawaba na kufuli. Nikamjibu kwamba hata kufuli mwizi huvunja. Moto ulianzia wapi mpaka leo sijui, labda waya. Lakini nilipofika mbio kutoka dukani sikuona moto wowote, na hapo ndipo panapodanganya watu. Niliona nyumba imefungwa, imetulia, vioo vimekuwa vyeusi kwa ndani, na moshi unatoka chini ya mlango wa mbele, halafu unarudi ndani, unatoka tena, unarudi, kama mtu anayehema.

Ursule ndiye aliyefunga milango yote, alipotoka na ninyi wawili mikononi, wa tatu hakuweza kumbeba. Alikuwa binti wa mchoma makala, makaa ya kupikia, amekulia kando ya matanuru ya msituni, kule ambako kuni hufunikwa na udongo na tundu dogo likifunguka watu hukimbia kuliziba, maana hewa ikiingia hupati makala, unapata majivu. Mimi mtu wa biashara nilikuwa namcheka kwa hayo mambo ya msituni. Siku ile alinikamata shati. "Papa Mumbere, usifungue! Moto iko nakosa hewa! Mutoto iko kwa dirisha ya nyuma, nilifunga mulango ya chumba yake, moshi haiko mingi. Nassoro iko nakata chuma. Kuya, tumusaidie!"

Nilimsikia. Wanangu, nilimsikia vizuri, na Mumbere naye nilimsikia akiita kule nyuma, sauti safi, bila kukohoa. Nassoro alikuwa amekwisha kukata chuma kimoja, ameanza cha pili. Nikamsukuma Ursule akaanguka, nikaupiga mlango wa mbele teke.

Haukunirukia, ule moto. Kwanza ulivuta. Niliisikia hewa ikipita miguuni pangu kuingia ndani, ya baridi, na chini nikaiona sakafu yangu nyekundu, safi kabisa, na juu yake moshi umening'inia mzito kuanzia kiunoni kwenda juu. Halafu moshi wenyewe ukawaka. Si magodoro, moshi! Ukawaka wote kwa mara moja, ukanitupa uani, ukapanda juu ya plafo, na kule juu hapakuwa na ukuta wa kutenganisha vyumba, donc, basi, ukapita juu ya mlango ule aliofunga Ursule, ukashukia kitandani kwa mtoto. Nassoro akabaki na msumeno mkononi. Hajanisalimia tangu siku ile, nanyi mkadhani ni kiburi.

Maji. Kidogo tu. Dirisha limefunguliwa? Lifungueni lote, lote.

Mtasema Papa alichanganyikiwa, alitaka kumwokoa mwanawe. Kila mtu aliniambia hivyo, na mimi nikakubali kufarijiwa. Lakini mtoto alikuwa nyuma, na nilijua yuko nyuma. Mlango wa mbele haukuwa mlango wa mtoto. Ulikuwa wa magodoro. Nilijiambia nitayatoa machache, Nassoro atamalizana na vile vyuma. Ndiyo, mimi. Na tulipomzika Mumbere nikaogopa Ursule atasema, basi nikasema mimi kwanza.

Usilie, Kaswera. Au lia, lakini sikiliza. Kambale, usitoke! Rudi ukae. Utanichukia nikishakwenda, nafasi utakuwa nayo.

Nyumba hii ni ya Ursule. Nimetia sahihi mbele ya Augustin, chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, karatasi anazo yeye. Ursule yu hai, anauza makala barabarani, pale lori zinaposimama kabla ya kuingia Bafwasende. Kesho asubuhi chukueni pikipiki mwende. Msinizike kabla hajafika. Akikataa kuja msimlazimishe, nizikeni bila matanga. Akija, mwiteni Nassoro aseme aliyoyaona, mbele ya wale wale walionisikia mimi, na msimkatize.

Sogeeni... nipeni mikono. Mungu awape maisha marefu, awape watoto, na watoto wenu wasiogope kuwaambia... mmekosea. Nawabariki. Kwa mkono huu huu uliomsukuma.

Bado moja. Lipo neno nililikataza humu ndani. Mlikuwa mnasema "yule mwanamke", kwa sababu mimi... mimi ndiye niliyewafundisha. Kaswera, wewe hujapata kulisema hata siku moja. Mtafika kule barabarani, naye ataangalia midomo yenu. Lisemeni sasa, nisikie. Mama. Si kwangu... semeni kama yuko hapa. Kaswera... kwa sauti...

Kambale, mfundishe mdogo wako. Wewe ulikuwa unalijua.