Biblia ya Kuazima

Ndani ya basi, bibi mmoja alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Mbele yake, fundi cherehani alimsimulia muuguzi aliyekaa naye jinsi matroni wa makao ya watoto ya kanisa alivyokuja kukagua nyumba yake kabla ya kumpa binti wa kuasili. “Nikaazima Biblia kwa jirani, nikaiweka mezani. Akaifungua, akakuta picha ya harusi ya jirani!”

“Makubwa! Ukasemaje?”

“Nikamwambia ni mimi, kabla sijanenepa.”

“Ukadanganya juu ya Biblia? Dada, mtoto humpati!”

“Ameniita leo. Hajasema kwa nini.”

“Na hivyo viatu vidogo?”

“Akininyima, nitavivaa mwenyewe.”

Basi likasimama kwenye geti la makao. Fundi akashuka, viatu kavikumbatia. Bibi mwenye usingizi akawa wa kwanza kuchungulia dirishani.